Cp imetoka 1.33, Cpk 0.67. Ushauri wa haraka wakuu

Pakiti_Kilo2: Habari za jioni wakuu. Niko kitengo cha ubora, kiwanda cha unga wa ugali. Pakiti za kilo 2 mipaka yetu ni gramu 1985 hadi 2025. Nimepima pakiti 200: wastani 1995, sigma (mtawanyiko wa uzito) 5. Cp na Cpk, namba za kuonyesha kama uzito unaweza kukaa ndani ya mipaka, ndizo hizo hapo juu. Supamaketi inataka 1.33 kwenda juu. Nikiripoti Cp peke yake kuna ubaya?

Chati_Ukutani: Upo. Cp ni upana tu: mipaka 40 gawa kwa sigma sita, yaani 30. Cpk inatazama umesimama wapi. Wastani wako uko gramu 10 kutoka mpaka wa chini. 10 kwa 15 (sigma tatu) ndiyo hiyo 0.67. Pandisha ujazo gramu 10, Cpk inafika 1.33 bila kununua hata nati.

Pakiti_Kilo2: Kupandisha haiwezekani mkuu.

Chati_Ukutani: Kwa nini?

Pakiti_Kilo2: Bosi ndiye aliyeagiza tuteremshe. Gramu 10 kwa pakiti 10,000 ni kilo 100 za unga. Naye ana hesabu zake, tusimlaumu sana.

Mama Wawili: Kwa hiyo mimi nalipia kilo 2 ili bosi wako apate kilo 100? Mungu anawaona.

Fundi Mstaafu: Sisi kwenye sabuni sigma ilitusumbua wiki mbili, kumbe feni inapuliza mizani. Kijana mmoja akaizima, namba zikatulia. Zawadi yake soda moja. Mwezi uliofuata akaacha kazi.

Mzaramo Halisi: Bucha la kwetu Cpk ni kidole gumba cha muuzaji 😂

Chati_Ukutani: Mleta uzi, ngapi zilikuwa chini ya 1985?

Pakiti_Kilo2: Hakuna.

Sina Haraka: Hii chai. Kwa wastani na sigma hizo, 1985 iko sigma 2 chini. Katika 200 zilitakiwa kuanguka kama 4 au 5. Halafu wiki iliyopita si wewe uliyekuwa unauza kuku wa kisasa humu?

Mzaramo Halisi: Chai na vitumbua.

Pakiti_Kilo2: Kuku ni wa mke wangu. Sawa, nilipima 207. Saba zilikuwa kwenye 1978, za asubuhi mashine haijakaa sawa. Nikazitoa, si hali ya kawaida.

Chati_Ukutani: Asubuhi si inakuja kila siku? Zirudishe: sigma inakuwa kama 5.8, Cp 1.15, Cpk 0.54. Hata hiyo 1.33 hukuwa nayo. Na mashine inayoanza siku hivyo haijatulia. Chora kwanza chati ya udhibiti, ya kufuatilia vipimo kwa muda uone kama mashine imetulia, Cp na Cpk baadaye.

Mama Wawili: Mwambie supamaketi ukweli.

Pakiti_Kilo2: Ripoti nilishaituma mchana. Nilitaka kujua tu kama huwa wanaomba data ghafi.

Sina Haraka: Kuku bado wapo? Nakuja na mizani yangu.