Watunzi wa simulizi za mapenzi, mwanamke wa miaka 46 amewakosea nini?

Wanajamvi, nimeshindwa kulala.

Sehemu ya 64 ya simulizi ninayoilipia kwenye kundi la WhatsApp imetumwa saa nne usiku. Nimeisoma, nimezima simu, nimeiwasha tena nikairudia nikidhani kuna mahali nimeruka. Sijaruka. Mtunzi kamuua.

Kwa wasioijua hiyo simulizi (jina lake silitaji na mtunzi simtaji, maana hasira yangu si ya mtu mmoja), steringi ni mjane wa miaka 46. Ana duka la vifaa vya ujenzi na watoto wawili wanaojitegemea. Anakuja fundi wa miaka 33 kuomba nondo kwa mkopo, mama anamkatalia, kesho yake kijana anarudi na hela taslimu, na hapo ndipo mambo yanaanza. Mtunzi alikuwa ameandika vizuri jamani, haki yake nampa. Kuna sehemu yule mama anaivua miwani haraka akimwona kijana anaingia dukani, naye kijana anamwambia airudishe usoni, kwa sababu jana alipoivua alimpigia hesabu pungufu na yeye hataki kumwibia. Nililia kwa sehemu ile. Si kwa uchungu. Nina miaka 47, nimesoma hadithi za mapenzi tangu zile za magazetini, enzi tunakaa wiki nzima kusubiri toleo lijalo, na sikumbuki lini nilikutana na mwanamke wa umri wangu anayependwa. Sisi humo ndani huwa ni mama mkwe mkorofi, shangazi mfitini, au bosi mwenye roho mbaya anayewaonea wivu wasichana.

Nikalipia. 2,000 kwa simu, na arosto ya kila usiku juu.

Mambo yalianza kuharibika sehemu ya 58, walipotangaza kuoana. Maoni yakafurika. "Huyo bibi akalee wajukuu." "Dogo kafuata duka hapo." "Mtunzi unatufundishia vijana wetu umario." Kufika sehemu ya 61, yule fundi niliyemjua kwa sehemu 60 hayupo tena. Ghafla anaficha simu. Sehemu ya 63 tunaambiwa ana mchumba wa miaka 22 na tangu siku ya nondo alikuwa anawinda mali. Sehemu ya 64 mama anasoma meseji, anajishika kifua, anafia hospitalini, na watoto wake wanasimama kaburini wakisema walimwonya. MWISHO. Asanteni kwa kuwa pamoja nami.

Hiyo tabia mpya ya kijana haikupandwa popote mwanzoni. Nimerudi kuangalia, sehemu kwa sehemu, usiku huu huu. Hakuna dalili hata moja. Aliyemuua yule mama si mchumba wa kijana, ni maoni ya wasomaji na mtunzi aliyekosa uti wa mgongo wa kuitetea kazi yake.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtunzi huyu huyu, mwaka jana, alitupa simulizi ya tajiri wa miaka 52 na hausigeli wake wa miaka 19. Binti anamfulia mashati. Mshahara wake unatoka mkononi mwa mzee. Chumba anacholala ni cha mzee, na akifukuzwa hana nauli ya kurudi kwao. Yule mzee ameelezwa mvi zake ukurasa mzima, kwamba zimempendeza, kwamba zinampa heshima, kwamba akipita ofisini wasichana wanashika midomo. Mwisho wake ni ndoa na mapacha. Maoni yalikuwaje? "Mungu nipe na mimi." Mamia ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mzee wa miaka 52 anatafuta nini kwa mtoto mdogo kwake kwa miaka 33. Hakuna aliyesema binti kafuata mali. Hakuna aliyemwambia mzee akalee wajukuu, na wajukuu alikuwa nao, wametajwa sehemu ya 3!

Mvi za mwanamume ni pambo, mvi za mwanamke ni kosa la jinai na adhabu yake imeshaandikwa kabla hadithi haijaanza: atatapeliwa, ataaibishwa mbele ya wanawe, au atazikwa. Hilo ndilo linaloniuma. Siwezi kusoma simulizi yenye mwanamke aliyevuka 40 bila kuhesabu siku zake.

Na hata lugha yetu tumeigeuza hivyo hivyo. Ng'ombe hazeeki maini, tunasema, na sijawahi kusikia ikisemwa kwa mwanamke. Mwanamume akifika 50 amekomaa, mtu mzima dawa. Mwanamke wa umri huo kachuja, jimama, kaishiwa. Kijana akipenda mwanamke aliyemzidi kidogo tu ana majina tayari yanamsubiri mlangoni: mario, serengeti boy, benten. Mzee aliyeoa binti anaitwaje? Anaitwa mume. Tulipata neno moja la maana, fataki, kutoka yale matangazo ya redio, nalo lilikuwa la wazee wanaowarubuni wanafunzi. Watunzi wetu hawaligusi kabisa. Fataki akiingia kwenye simulizi anabadilishwa jina anakuwa bilionea.

Kuna watakaosema huu ni utamaduni wetu na mimi nimeiga Wazungu. Wazungu gani? Chukueni riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotoka Uingereza mwaka 1815. Emma anakaribia miaka 21, Bwana Knightley, anayekuja kumwoa, ana 37 au 38, amemzidi miaka 16. Tena mwenyewe anamwambia kwamba amempenda tangu akiwa na miaka 13. Zaidi ya miaka 200 watu wanaisoma kama hadithi tamu, nami niliipenda, sikatai. Sasa tazameni The Idea of You ya Robinne Lee, Marekani, 2017. Mama wa miaka 39, mwanamuziki wa miaka 20. Kwenye kitabu wanaishia kuachana, mama anayaacha mapenzi kwa ajili ya binti yake. Filamu ilipotoka 2024 kijana akaongezwa umri, akafanywa 24, mama akiwa na 40. Toeni wenyewe. Inabaki 16, ile ile ya Emma na Knightley. Mwanamume alipewa miaka hiyo bure tangu mwaka 1815. Mwanamke, miaka 200 baadaye, kapewa hiyo hiyo baada ya wenye filamu kukaa chini na kupunguza.

Na wenzangu Waislamu mnaoandika kwenye maoni kwamba mwanamke kuolewa na mwanamume mdogo kwake kwa umri ni kinyume na maadili, ninyi mnanishangaza kuliko wote. Madrasa tulisoma wapi? Bi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, kwa kauli iliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40 na Mtume, rehema na amani zimfikie, ana 25. Alikuwa mjane. Alikuwa mfanyabiashara, na Mtume alisafiri na mali yake kwenda Shamu. Aliyeanzisha habari ya ndoa ni yeye Bi Khadija, kwa kumtuma rafiki yake Nafisa. Na muda wote wa uhai wake Mtume hakuoa mke mwingine juu yake. Mwaka aliofariki umeitwa Mwaka wa Huzuni. Mjane, mwenye mali, aliyemzidi mume umri: ni huyo huyo mnayemwandikia kwenye maoni kwamba anachekesha.

Mtu asije hapa kunigeuzia maneno. Siombi tuandikiwe wanawake wa miaka 50 na vijana wa sekondari, Mungu apishie mbali. Mtoto ni mtoto, awe wa kike au wa kiume, na ndiyo maana ile ya hausigeli ilinichefua. Lakini fundi wa miaka 33 ni mtu mzima mwenye akili zake, alijenga nyumba za watu.

Halafu mnasema wasomaji ndio wanataka hivyo. Wasomaji akina nani? Kwenye lile kundi la WhatsApp tunaolipa kwa wakati ni sisi, kina mama wenye maduka, walimu, manesi, tunaosoma saa tano usiku nyumba ikishatulia. Wanaotukana kwenye maoni wengi wao wanasubiri wengine walipie ili watumiwe bure. Mtunzi kamsikiliza asiyelipa, hela kachukua kwangu.

Tena hata mnapotuandika hamtujui. Mwanamke wa miaka 46 kwenye simulizi zenu ana ngozi ya binti wa miaka 20, "hakuna angeamini umri wake". Kwa nini asiaminike? Mwandikeni anaamka usiku kwa lile joto la ghafla, shuka limelowa, na mwanamume anafungua dirisha bila kuuliza. Mwandikeni goti linamuuma akipanda ngazi. Mwandikeni ameshazika mume mmoja na anaogopa kupenda tena kwa sababu anajua kuzika kukoje. Hayo ni mapenzi, na binti wa miaka 19 hawezi kuwapa hadithi hiyo.

Kama kuna anayejua simulizi ya Kiswahili ambayo mwanamke wa miaka 40 kwenda juu anapendwa na anafika sehemu ya mwisho akiwa hai, aniwekee hapa chini. Nitalipia leo hii hii.