Tupeane uzoefu: chenso kubwa ya kupasulia mbao, ipi inafaa huku Nyanda za Juu Kusini?

Mnyalukolo_Kilolo
Kamwene wakuu. Jana nimepita Ilula nikakuta Fuso limepakia mbao pana za mkaratusi, mbili kwa kumi na mbili, zimenyooka. Mwenye mzigo akaniambia zote zimepasuliwa kwa chenso kule kule bondeni. Nimelala nikiwaza, maana nyumbani tuna mikaratusi aliyoipanda babu kwenye korongo, mingine unene wake unafika inchi 30, na hakuna mwenye dingdong (ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishika) aliyekubali kuteremka. Barabara hakuna, na ng'ombe hawawezi kupandisha magogo yale. Kuifanya kuni miti ya namna ile ni dhambi.
Nataka kununua mashine kubwa. Wenye maduka nimeshawasikia vya kutosha. Waliopasua wenyewe, waliokodisha, walionunua na kuuza tena, semeni.

FundiTupa
Makambako hapa, mashine hizi ndizo zinazonilisha. Kwanza uelewe kitu kimoja: kukatisha gogo ni dakika chache, kisha mashine inapumua. Kupasua gogo la futi 12 ni resi ya mwisho kuanzia kichwa hadi mkia, bila kuachia. Ndiyo maana mashine inayoangusha miti vizuri tu inakufa ikipewa kazi ya mbao.
Kwa hiyo angalia cc, yaani ukubwa wa injini. Zile za cc 70 na kitu, kama 381 ya Stihl au 372 ya Husqvarna, ni za kuangushia na kukatisha. Kwa kupasua anzia 660 ya Stihl, cc 91.6, au 395 ya Husqvarna, cc 93.6. Hizo zinamudu gogo la inchi 20 hadi 24. Wewe unasema mkaratusi wa inchi 30, tena mzee? Hapo ni 880 ya Stihl, cc 121.6, au 3120 ya Husqvarna, cc 118.8. Na baa, yaani upanga unaobeba cheni, usinunue ya inchi 30 kwa sababu gogo ni inchi 30. Fremu ya kupasulia, ile inayofungwa kwenye baa kuongoza mkato, inameza inchi kadhaa za baa. Chukua 36 au zaidi.

Kijana_wa_Igoma
Hapo kwenye fremu kumeza baa umeokoa pesa za watu wengi sana.

Mzee_Ludewa
Nyie vijana mna namba nyingi. Mimi nimepasua kwa 070 tangu enzi ambazo mbao zilitoka shimoni, mmoja juu mmoja chini, na mstari tunaupiga kwa kamba iliyopakwa weusi wa betri kuukuu. 070 ilipokuja tuliona mkombozi. Ina cc 106, haina haraka, ila ukiibana kwenye gogo haizimi. Spea zake unazipata hadi kwenye minada. Hiyo 880 ikiharibika huko korongoni unampigia nani?

FundiTupa
Shikamoo mzee wangu. Nguvu ya 070 siipingi. Lakini ile ya asili haina breki ya cheni, na haina mipira ya kupunguza mtetemo. Wazee wangapi tunaowafahamu vidole vyao vinakufa ganzi asubuhi ya baridi, hawawezi kufunga vifungo vya shati? Ule ni mtetemo. Mimi simshauri kijana anayeanza leo aanze na mashine isiyo na breki.

Mzee_Ludewa
Marahaba. Vidole vyangu vinafunga vifungo.

MamaMbao
Naomba nami niseme, mimi ndiye ninayezinunua hizo mbao. Kaka Mnyalukolo, hesabu upotevu kabla ya kununua. Cheni ya mashine kubwa inatafuna karibu sentimita moja kila inapopita. Mbao kumi za inchi moja, ukizijumlisha njia za cheni, umegeuza vumbi unene wa mbao tatu na zaidi. Ndiyo maana kwa paini changa za Njombe na Mufindi, hizi zinazovunwa zikiwa na inchi 8 au 10, chenso haina kazi ya kupasua. Zipeleke kwenye dingdong au kwenye mashine ya bendi.
Chenso inalipa pale gogo linapokuwa pana na halifikiki. Na ukishaipata hiyo nafasi, usipasue papi, zile mbao nyembamba. Pasua vitu vinene na vipana: mbao za meza, milango, vizingiti. Mteja wa mbao pana hakuulizi bei ya mbili kwa nne.

Kaka_wa_Bomalang'ombe
Nimesoma neno korongo nikashindwa kunyamaza. Ndugu yangu, mashine ni jambo la pili. Sikiliza.
Ilikuwa masika, kwetu Bomalang'ombe, ukungu mzito. Mtoto wa baba mdogo alikodisha 880 kwa tajiri mmoja wa mjini ili tupasue mikaratusi ya familia, kwenye mteremko kama huo wako. Gogo tuliliweka juu ya vipande viwili, tukalizuia kwa mawe upande wa chini. Banzi la kwanza, lile ganda la juu la gogo, likatoka safi. Ubao wa kwanza ukatoka safi. Watu wakaanza kuimba. Ubao wa pili uko katikati, na mimi nimeshika kabari nyuma yake ili njia ya cheni isijifunge, nikasikia jiwe la chini linanong'ona kwenye tope.
Banzi likishatoka, uzito wa gogo unahama. Sehemu ya juu imekuwa nyepesi, ya chini imebaki na tumbo lake, na udongo una maji. Gogo likageuka robo, likabana baa. Nikapiga kelele, achia! Hakuachia. Alikuwa ameshika mashine ya watu, aliwaza deni. Gogo likamchukua pajani likambana na kisiki, mashine ikaruka hadi mtoni bado inaunguruma, kisha kimya.
Tuliliinua kwa miti, wanaume wote pamoja na mama yake mzazi. Tukafunga machela kwa mablanketi na kumpandisha mlima giza linaingia, mvua usoni, kila tukiteleza analia jina la marehemu baba yake. Barabarani tulipata gari la viazi. Mfupa uliunga, anatembea, lakini anachechemea mpaka leo. Na kabla hajatoka wodini tajiri alikuwa ameshafika kuulizia mashine yake.

Kijana_wa_Igoma
Mungu wangu. Pole sana kaka.

Bibi_Tukuyu
Poleni sana. Nimesoma mpaka nimesahau nilichotaka kuuliza. Huyo tajiri alilipwa?

Kaka_wa_Bomalang'ombe
Tuliuza ng'ombe tukamlipa.

Mwana_Rungwe
Mlikosea wapi mpaka mlipe? Mashine imeharibika kazini, kazi ambayo yeye anaijua. Mbona yeye halipii mguu?

Dereva_Mafinga
Ukikodi kitu cha mtu unarudisha kitu cha mtu. Hata gari ni hivyo hivyo.

Mwana_Rungwe
Gari lina bima. Hizi chenso zinakodishwa kwa mdomo, bila karatasi, bila kofia, bila suruali ya kinga, na opareta anaambiwa akirudi na hasara ni yake. Kijana amekumbatia mashine badala ya kukimbia kwa ajili ya hilo deni. Hilo mnaliona dogo?

MamaMbao
Mwana Rungwe ana haki. Mimi siku hizi nikikodi tunaandikishana mbele ya mtendaji wa kijiji: nani analipa mashine, nani anagharamia matibabu. Wenye mashine wengine wamekataa, nikaachana nao.

Dereva_Mafinga
Kwa maandishi sawa. Nilisema pasipo maandishi.

FundiTupa
Pole kaka. Kwa anayeuliza, gogo la mteremko linalazwa likitazama juu na chini ya mlima, halilazwi kukingama. Likikingama ni gurudumu linalosubiri. Ukilazimika kulikingamisha, simama upande wa juu daima, na vigingi vichimbiwe ardhini, si mawe yaliyowekwa juu ya udongo. Baa ikibanwa, zima au achia. Mashine inanunuliwa.

Msafiri_Makete
Hakuna aliyegusa suala la urefu wa milima yetu, na ndilo linaloua mashine nyingi huku. Mafinga mko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, sisi Makete tumepita hapo. Hewa ni nyepesi. Injini za namna hii hupoteza kama sehemu ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo cc 91 zilizosifiwa Dar es Salaam, huku zinafanya kazi ya mashine ndogo zaidi. Ndiyo maana namuunga mkono anayesema nenda kwenye cc 120.
Pili, kabureta. Mashine iliyosetiwa pwani ukiileta huku inakunywa petroli kupita hewa iliyopo: inatoa moshi, inalowesha plagi, inakosa nguvu. Fundi anaipunguzia kwenye skrubu ya H, ile ya petroli ya resi. Sawa. Sasa mashine hiyo hiyo ikishushwa kazini Kyela au Ifakara bila kurudishiwa, petroli inakuwa haba, na petroli ndiyo iliyobeba oili. Pistoni inakwangua silinda. Ukinunua mashine iliyotumika, uliza imetoka wapi, kisha fungua mafla uchungulie pistoni kwa tochi. Ikiwa na mikwaruzo ya wima, rudisha.

Kijana_wa_Igoma
Oili kiasi gani kwenye petroli? Kila fundi ana jibu lake.

FundiTupa
Oili nzuri ya tustroki, mililita 100 kwa lita 5. Hiyo ni moja kwa hamsini. Oili ya kawaida ya pikipiki za tustroki, mililita 200 kwa lita hizo hizo.

Mzee_Ludewa
Mia mbili daima, oili iwe yoyote. Na cheni ipewe oili chafu ya gari, haina gharama.

Msafiri_Makete
Mzee, kwa oili chafu hapana. Ina unga wa chuma, inakula pampu na mfereji wa baa, na inakurukia mikononi na kifuani kutwa nzima. Mimi natumia mafuta ya alizeti. Kazi ikisimama wiki kadhaa naisafisha, yasije yakagandia ndani.

Bibi_Tukuyu
Alizeti ya kupikia kwenye msumeno? Wajukuu wangu wale nini?

FundiTupa
Cheni nayo, Mnyalukolo. Ya dukani imepigwa tupa kwa nyuzi 30, ni ya kukatisha. Kwa kupasua ishushe hadi nyuzi 10, ubao unatoka laini na mashine haihangaiki. Piga tupa kila ukijaza tangi, usisubiri mpaka itoe unga kama wa sembe. Njia ya kwanza tumia ngazi ya mbao au ubao ulionyooka, upigilie juu ya gogo, fremu iteleze juu yake. Ikienda kombo, mbao zote zinazofuata zitaenda kombo.

MamaMbao
Na mkaratusi una hasira ndani. Ukitoa banzi upande mmoja tu, gogo linapinda na ubao unapinda. Toa huku, geuza, toa kule. Kiini usikiuze kama ubao. Vichwa vipake rangi siku hiyo hiyo, panga kivulini na vijiti katikati, weka uzito juu.

Dereva_Mafinga
Kabla hujaangusha, pita serikali ya kijiji na ofisi ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Nimeshuhudia mbao nzuri zinalowana getini kwa kukosa TP, kibali cha kusafirishia. Hilo korongo lina maji? Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo.

Mnyalukolo_Kilolo
Maji yapo, miti mingi iko juu zaidi, ila nitapima kabla ya kugusa chochote. Kaka wa Bomalang'ombe, nimempigia simu mdogo wangu nikamsomea habari yako yote, kwa sababu yeye ndiye angeshika mashine.
Nimeelekea kwenye 880 na baa ya inchi 36, lakini kwanza nataka kuiona ikifanya kazi. Kuna mtu Mafinga au Iringa mjini anayekodisha yenye fremu, kwa maandishi kama alivyosema Mama?

MamaMbao
Ipo moja Mafinga, mwenyewe anakubali kuandikishana. Nitumie ujumbe nikupe namba. Opareta atakuja naye, usikubali mashine peke yake.

Mzee_Ludewa
Nikiwa hai mwezi ujao nitakuja kuangalia. Nitakuja na 070 yangu, tuzipe gogo moja.

FundiTupa
Mzee ukija naleta kofia na vizuia sauti vya masikio, viwili viwili. Utavaa.