Kwa nini pomboo aliyenaswa katika jarife hufa ilhali yumo majini?

Msomaji wa Tanga:
Waungwana, naomba ufafanuzi. Jarife, yaani wavu mkubwa wa kunasa samaki, likitegwa jioni na kutolewa alfajiri, samaki taa aliyenaswa pengine hukutwa bado hai, lakini pomboo karibu kila mara huwa amekwisha kufa, ingawa hana jeraha la maana. Inakuwaje mnyama aliyezaliwa baharini afe kwa kuzuiwa baharini?

Mwalimu wa Biolojia:
Ndugu, pomboo hupumua kwa mapafu. Yeye ni mamalia kama nyangumi: huzaa, hunyonyesha, na huvuta hewa kwa tundu lililo utosini; hana matamvua, kwa hiyo oksijeni iliyomo majini haimfai kitu. Pomboo wa pwani yetu kwa kawaida huzama dakika chache tu, na jarife likimshika pezi au mkia asiweze kuibuka, hewa humwishia. Mara nyingi hata maji hayamwingii mapafuni, kwa kuwa tundu lile hubaki limefungwa awapo chini. Usingizi wake nao umefuata sharti hilohilo: nusu ya ubongo hulala huku nusu ya pili ikiwa macho, ili asikose kupanda kuvuta pumzi.

Msomaji wa Tanga:
Shukrani, Mwalimu. Lakini si husemwa kwamba hutambua vitu kwa mwangwi wa sauti yake? Mbona halitambui jarife?

Mwalimu wa Biolojia:
Samaki mwenye kibofu cha hewa hurudisha mwangwi mkubwa, ilhali uzi mwembamba wa nailoni hurudisha hafifu mno. Isitoshe, pomboo hatoi milio hiyo wakati wote.

Nahodha Mstaafu:
Naongeza la upande wa uvuvi. Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, hadi miaka ya 1990, pomboo walichomwa chusa wawe chambo cha papa, kisha utalii ukawapa thamani wakiwa hai (japo mashua zinazowafukuza kila asubuhi nazo ni adha kwao). Majarife, hata hivyo, yalibaki. Vifaa vya kutoa mlio ndani ya nyavu ili kumwonya pomboo vimejaribiwa Zanzibar, lakini vinataka fedha na betri, na mimi naona mvuvi mdogo hatavimudu. Nchini Pakistan wavuvi wa jodari walizishusha nyavu zao takriban mita 2 chini ya uso wa maji, na pomboo walionaswa wakapungua sana. Njia hiyo inafaa kwa jarife linaloelea, ambalo huhitaji tu kamba ndefu zaidi za maboya. Kwa lile linalolazwa chini karibu na mwamba, anakopita pomboo mwenye nundu, haisaidii.