Hivi Zanzibar ni kisiwa au si kisiwa? Mbona michezo ya visiwa hatumo??

Assalaam alaykum wadau. Mie si mtu wa kufungua nyuzi, huwa napita nasoma najiendea zangu, lakini leo nimekasirika mpaka kahawa imenishinda kunywa.

Nimekaa barazani hapa Chake, Pemba, na mzee mmoja jirani yetu, asili yake Mngazija, kila jioni tupo pamoja. Leo kaanza kunitambia, ati 2027 Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi inakwenda kwao Komoro, mara ya kwanza kwao kuwa wenyeji. Nikamwambia hongera. Kisha kaniuliza kwa upole kabisa, "Na nyie mtaleta timu ya nini?" Nikanyamaza. Yule mzee anajua fika kama hatumo, alikuwa ananichokonoa tu, na wallahi kanipata.

Kwa wasioijua, michezo hino ilianza 1979 huko Réunion. Riadha, mpira, wavu, judo, ngumi, kuogelea, kunyanyua vyuma, mpaka mashua za tanga zimo. Mara ya mwisho ilikuwa 2023 Antananarivo. Wanaocheza ni Madagaska, Morisi, Shelisheli, Komoro, Réunion, Mayotte na Maldivi. Someni tena hapo mwisho. Maldivi! Ile iko kule karibu na India, lakini imo. Sie tuliopo hapa, boti ya kwenda Ngazija unaijua kwa jina, nusu ya Mji Mkongwe ina bibi wa Kingazija, hatumo. Shelisheli nchi nzima ni watu laki moja na ushei, wameshakuwa wenyeji mara mbili, 1993 na 2011. Sie sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773. Tunakosa watu kumi na moja wa kukimbia?

Sasa najua kuna mtu keshaanza kuandika "Muungano". Futa kwanza, nisikilize.

Réunion si nchi. Ni mkoa wa Ufaransa, wanatumia yuro, wanampigia kura rais wa Ufaransa. Mayotte, wenyewe wanaiita Maore, hali kadhalika. Na wote wawili wana timu zao, wanaingia uwanjani kwa jina la kisiwa chao, wanashindana na nchi zenye kiti Umoja wa Mataifa. 2015 kulitokea zogo kubwa kulekule Réunion, Wamaore walipita na bendera ya Ufaransa, Wakomoro wakakasirika wakafunga mizigo wakaondoka. Ugomvi mzito ule, wa ndugu na wa ardhi, lakini baadae walirudi na michezo ikaendelea. Kwa hivo hoja ya kwamba kisiwa kisicho na kiti UN hakiwezi kucheza inakufa hapo hapo.

Haya tuje Michezo ya Jumuiya ya Madola. Jersey, Guernsey, Isle of Man, hakuna hata kimoja ambacho ni nchi kamili, vyote vina timu. Kuna kisiwa kinaitwa Norfolk, kipo chini ya Australia, watu wake elfu mbili hivi, yaani kijiji kimoja cha Micheweni kinawazidi, 2018 walichukua medali ya shaba kwenye ule mchezo wa kubiringisha matufe kwenye majani. Matufe jamani! Wazee wetu wa bao wangekula dhahabu.

Yaliyotupata CAF, shirikisho la mpira la Afrika, nayajua, msinikumbushe, bado yananiuma. Machi 2017 tumekubaliwa uanachama, watu tumechinja mpaka kuku, Julai tumevuliwa. Miezi minne. Sababu ati nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na rais wa CAF wakati ule alikuwa Ahmad Ahmad, mtu wa Madagaska, mwana kisiwa mwenzetu. Sawa, mpira una sheria zake na FIFA wake. Lakini nani kakwambieni kila mlango una kufuli ileile? Mbona CECAFA, mpira wa Afrika Mashariki na Kati, tumo? Na tukipewa jezi yetu tunafanya nini? 1995 tulilichukua kombe. 2017 hiyohiyo, mwaka wa kuvuliwa, vijana walikwenda Kenya wakamtoa Uganda nusu fainali, wakafika fainali Machakos, tukatolewa kwa penalti na wenyeji. Januari 2025 hapahapa Gombani tumemfunga Burkina Faso fainali ya Kombe la Mapinduzi, nilikuwepo, nilirudi nyumbani sina sauti. Sasa kama mpira wa miguu una jezi ya Zanzibar, mtoto anaerusha mkuki kakosa nini?

Hapa ndo nifike kwenye langu.

Mtoto wa dada yangu anakimbia mita 800. Sisemi kwa kuwa ni mwenetu, sema mtoto ana mbio. Alfajiri akishaswali anatoka na njia ya Vitongoji, mjomba wake nyuma na baskeli, na baskeli inachoka. Mwaka ule tukapigiwa simu, mleteni Unguja kuna mchujo wa timu ya taifa inayokwenda nje. Nauli ya boti ya watu wawili nimetoa mie, viatu vya misumari tumeazima kwa mwalimu mmoja, vikubwa, tumetia kitambaa mbele. Tumelala kwa shangazi Jang'ombe. Asubuhi saa moja tupo uwanjani, hakuna mtu. Saa tatu hakuna mtu. Saa tano kaja bwana mmoja na faili kwapani, hata salamu hana, anasema mchujo ulishafanyika jana na majina yameshapelekwa Bara. Jana! Na sie tumeambiwa leo! Nikamuuliza nani katwambia leo basi, akasema "hilo mie silijui". Mtoto hakulia. Alivua vile viatu akavifuta mchanga vizuri kwa sababu ni vya watu.

Baadae zikaja picha za uwanja wa ndege. Nimezihesabu mie mwenyewe, watu kumi na moja waliovaa traksuti mpya, wakimbiaji wanne. Waliobaki sijui wanakimbia nini.

Na simlaumu mtu wa Bara hapa, mtanisamehe. Kule nako wanagombania tundu dogo hilohilo, tangu wakimbiaji Bayi na Nyambui walete medali zao za fedha kutoka Moscow 1980 hakuna medali nyingine ya Olimpiki iliyorudi Tanzania. Ukitoka Pemba unapita mchujo wa wilaya, wa mkoa, wa Unguja, kisha Bara, kila mlango una mtu na faili kwapani. Ndo maana nasema michezo ya visiwa ingekuwa saizi yetu. Mtoto angekwenda akashindwa na Mmadagaska angalau akarudi anajua kashindwa kwa sekunde ngapi.

Hata ngumi angalieni. Morisi medali yao pekee ya Olimpiki ni ya ngumi, Bruno Julie, shaba, Beijing 2008. Kwetu ngumi zilipigwa marufuku tangu enzi za Mzee Karume zimekuja kuruhusiwa juzi tu. Miaka yote hiyo mtoto mwenye mkono mzito akitaka ulingo avuke maji. Hapo nani wa kumlaumu? Ni sie kwa sie.

Ninachotaka ni kitu kimoja. Atokee mtu yeyote wa ofisi inayohusika aseme, tuliandika barua kuomba kuingia, tarehe fulani, tukajibiwa hivi. Kama tulikataliwa nitanyamaza na uzi huu nitaomba ufutwe. Kama hatujawahi kuandika, basi mtwambie mwaka mzima huwa mnafanya nini humo kwenye kiyoyozi.

NAONGEZEA: wanaoniuliza kuhusu yule mtoto, bado anakimbia ila si kama zamani, sasa anamsaidia mamaake kuuza urojo jioni, mazoezi siku mbili tatu kwa wiki. Na alieandika "hamia Komoro" kachelewa, mzee wa barazani keshaniahidi pa kulala Moroni, Mungu akitupa uhai nakwenda 2027. Nitakaa jukwaani na kofia yangu. Sijui tu nitamshangilia nani.