Gitaa la umeme la bei nafuu: jipya la boksi, Squier, au Pacifica lililotumika?

Mwanakwaya_Uyole:
Wakuu, salaam kutoka Mbeya. Napiga solo katika kwaya yetu, na kwa miaka miwili nimekuwa nikiazima gitaa la mwenzangu, ambaye sasa amehamia Makambako na gitaa lake. Nimedunduliza shilingi 600,000, na nina njia tatu. Ya kwanza ni gitaa jipya la umbo la Stratocaster, lenye jina nisilolijua, linalouzwa Kariakoo pamoja na amplifaya ndogo, mkoba na waya, nalo litaletwa kwa basi. Ya pili ni Squier (chapa ya bei nafuu ya Fender) la umbo hilo hilo, lililotumika, hapa hapa Mwanjelwa. Ya tatu ni Yamaha Pacifica 112 lililotumika, liko Iringa, na mwenye nalo anataka 580,000. Kanisani amplifaya ipo, lakini nakiri kwamba moyo unavutwa na lile la boksi. Naombeni ushauri.

FundiSoweto:
Mkuu, kwenye gitaa la bei ya chini anza na shingo, kwa sababu vingine karibu vyote vinabadilishika. Funguo za kukazia nyuzi zikilegea utanunua nyingine, na soketi ya waya ikikatika nitailehemu kwa nusu saa, ila shingo iliyojisokota haina tiba inayolingana na bei ya gitaa lenyewe. Ukifika kwa muuzaji, bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni), na kwa mkono wa pili ubane pale shingo inapoungana na mwili, kisha uangalie freti ya 7: kati ya uzi na freti panatakiwa mwanya mdogo, kama robo milimita hivi. Ukiwa mkubwa, au usipokuwepo kabisa, chuma kilichomo ndani ya shingo kinaweza kurekebisha, mradi tundu lake halijaharibiwa na ufunguo usio saizi yake. Halafu chungulia shingo kutoka kichwani kuelekea darajani (pale nyuzi zinapoishia mwilini), kama seremala anavyochungulia ubao. Ukiona imejisokota, rudisha gitaa na uage kwa heshima.

Hayo ya boksi nimeletewa mengi, freti hazilingani kimo na nyuzi zinakwaruza. Amplifaya yake ni ya chumbani. Ngoma zikianza hutaisikia.

SoloWaZamani_Iringa:
Naongezea kuhusu pikapu (nazungumzia sumaku zilizo chini ya nyuzi, si gari). Stratocaster ya kawaida ina pikapu tatu za koili moja moja, ambazo hunasa mngurumo wa umeme wetu wa hezi 50, hasa kanisani ambako nyaya za taa na za maikrofoni hulala pamoja. Pacifica 112 ina mbili za namna hiyo, na karibu na daraja ina moja ya koili mbili, zilizofungwa kwa namna ambayo mngurumo wa koili moja unafutwa na wa nyingine. Sauti nyembamba ya dansi, inayolia kama kengele, bado utaipata kwenye zile za koili moja, kwa hiyo kwa maoni yangu Squier haikuzidishii kitu. Jaribu pia kuugusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 na kuupiga, kisha uubane hapo hapo: sauti mbili zilingane.

Binti_Njombe:
Msisahau baridi yetu kavu ya Juni hadi Agosti. Ubao wa shingo husinyaa, chuma cha freti hakisinyai, na ncha zake hutokeza pembeni. Langu liligeuka msumeno. Pitisha kiganja ukingoni mwa shingo kabla ya kutoa hela.

Mwanakwaya_Uyole:
Nashukuru sana. Squier ya Mwanjelwa niliiacha, kwani tundu la chuma cha shingo limeshakuwa duara na ufunguo unazunguka bure. Jumamosi nilikwenda Iringa. Shingo ya Pacifica imenyooka na mwanya upo. Ncha za freti zinakwaruza kidogo, sauti ya uzi wa G inapanda ukibanwa kwenye freti ya 12, na kitufe cha sauti kinakoroma kikizungushwa. Nilimwonyesha mwenye nalo kasoro hizo moja baada ya nyingine, akashuka hadi 540,000, nikalichukua. FundiSoweto, Jumatatu asubuhi nakuletea. Nyuzi mpya ninazo, zile ambazo uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009.