Nipo Chennai kumuuguza baba: mama mwenye nyumba ananipa chakula kilichotolewa kwa miungu, nifanyeje?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Naomba ushauri wa waliokomaa katika imani, hasa waliowahi kuishi India. Nimekuja na baba yangu, anayesubiri kubadilishiwa vali ya moyo, na kwa kuwa hoteli za karibu na hospitali zilitushinda bei, tumepanga chumba cha juu katika nyumba ya familia ya Kihindu. Mama mwenye nyumba ana utu mwingi mno: tangu ajue kwamba baba amekatazwa chumvi, humpikia mchuzi wake katika sufuria ya peke yake.

Sasa ni Navaratri, sikukuu ya usiku tisa ya kumtukuza mungu wao wa kike. Sebuleni amepanga sanamu ndogo za udongo juu ya ngazi saba zilizotandikwa kitambaa, na kila jioni majirani wa kike huja kuzitazama na kuimba. Juzi aliniita. Nilivua viatu, nikaketi mkekani, na wakati wa kuaga akanipa majani ya tambuu, ndizi, na dengu zilizochemshwa zikachanganywa na nazi ya kukuna, ambazo kwa macho ungedhani zimetoka jikoni kwa shangazi yangu Tanga. Akanieleza kwa furaha kwamba zilitangulia kuwekwa mbele ya mungu, kisha akachovya kidole katika unga mwekundu, akakielekeza kwenye paji la uso wangu. Nilirudi nyuma hatua moja. Mkono wake ukabaki hewani, akaushusha taratibu, na sote wawili tukaona haya. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, alisema tusile, na dengu zile zikachachia mfukoni. Zimebaki siku nne, na najua ataniita tena. Nikatae, nile, au nijifanye nimelala?

Mwinjilisti Mstaafu
Binti yangu, pole kwa kuuguza. Swali lako ndilo waliloulizana Wakorintho, na Paulo amelijibu katika waraka wa kwanza, sura ya 10: ukialikwa na asiyeamini, kula ulichowekewa bila kuuliza-uliza, lakini akikwambia kwamba kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya huyo aliyekwambia. Mama huyo amekwambia. Baba yako yuko sahihi, ingawa kukiacha chakula cha mtu kichachie hakukuwa adabu. Mngemrudishia kwa maneno mazuri.

Msomi wa Pune
Nilisoma India miaka minne. Kuvua viatu, kuketi na kusifia mpangilio wa sanamu ni adabu ya mgeni tu. Mimi ningekwenda bila wasiwasi. Kosa lako ni kungoja mpaka kidole kifike usoni. Mtafute asubuhi, kabla ya wageni, umweleze kwamba wewe ni Mkristo na kwamba chakula cha ibada na alama ya paji la uso hupokei. Wahindi wamezoea mtu kuwa na miiko yake ya chakula, kwa hiyo mwiko uliotajwa mapema hauwaudhi kama kukataa papo kwa papo. Tena Chennai si wageni wa Ukristo: kanisa la San Thome linasimama mahali ambapo mapokeo yanasema alizikwa Mtume Tomaso. Na ujiandae, siku ya tisa vyombo vya kazi hufanyiwa ibada, hivyo bajaji itakayowapeleka hospitali huenda ikawa imepakwa msandali na unga huohuo mwekundu. Pandeni tu.

Dada wa Arusha
Mimi ningekula. Paulo huyohuyo, sura ya 8, anasema sanamu si kitu. Naye Naamani, yule jemadari wa Shamu, alimwomba nabii Elisha radhi mapema kwamba angeinama katika hekalu la mungu Rimoni pamoja na mfalme bwana wake, akajibiwa aende kwa amani.

Mwinjilisti Mstaafu
Dada, endelea na sura hiyo ya 8 mpaka mwisho, anapomtaja ndugu mwenye dhamiri dhaifu. Hapa yupo mgonjwa anayekwenda kupasuliwa, na dhamiri yake imekwisha kusema. Si wakati wa kumshindisha hoja.

Jirani wa Pangani
Mimi ni Mwislamu, mniwie radhi kwa kuingilia. Huku kwetu jirani Mkristo akinialika Krismasi, huniita nije kumchinjia kuku. Hatujawahi kugombana, kwa sababu anajua mpaka wangu tangu zamani. Mwambie mapema, kama alivyosema msomi.

Mleta uzi
Ahsanteni nyote. Nilimfuata leo asubuhi akimwagilia maua, nikamweleza na kumwomba radhi kwa juzi. Alicheka, akaniambia kwamba yeye mwenyewe alisomeshwa na masista wa Kikatoliki, na kwamba alidhani nimeogopa unga kuniingia machoni. Jioni nilikwenda, nikaketi mkekani na wenzangu, na hakuna aliyenigusa paji la uso. Wakati wa kuaga akanipa bakuli la dengu alizozipika katika ile sufuria ya baba, ambazo hazikufika sebuleni kabisa. Nilipompelekea, baba alilitazama bakuli kwa muda mrefu, kisha akauliza kama zina chumvi.