Vumbi kwenye sensa: pampu, kijiti cha jeli au swabu?

PichaZaDom
Wakuu habari za humu. Natumia Nikon D750, napiga harusi na mahafali hapa Dodoma, na vumbi la huku kiangazi mnalijua. Jumamosi jua lilikuwa kali nikafunga tundu la lenzi likawa dogo mpaka f/16, kufungua kwenye kompyuta naona angani vidoa vyeusi kama saba hivi, sehemu zilezile kila picha, nimebadilisha lenzi bado vipo, kwa hiyo vumbi liko kwenye sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Nimesikia njia tatu, pampu ya mpira, kijiti cha jeli, na swabu, vile vijiti bapa vya kufutia, zenye maji yake maalum ya kusafishia. Nianze na ipi? Fundi mmoja kaniambia nipulize tu kwa mdomo inatosha.

mzee_wa_lenzi
Kwa mdomo usijaribu kabisa mdogo wangu, mate yakitua pale umehamisha tatizo kutoka vumbi kwenda madoa. Na ujue unachosafisha sio sensa yenyewe, ni kioo chembamba cha filta kilichokaa mbele yake, vumbi linakaa juu ya kile kioo, ndo maana ukipiga f/2.8 hulioni ila tundu likiwa dogo kivuli chake kinatoka wazi. Anza na pampu. Chaji betri ijae, ingia kwenye menyu ufungie juu kioo cha ndani kile cha kuakisi, inamisha kamera mdomo wake, pale lenzi inapokaa, uangalie chini halafu puliza mara kumi hivi, ncha ya pampu isiingie ndani. Hewa ya kopo ile ya kusafishia kompyuta usiilete karibu, hutoa majimaji ya baridi sana.

bi_mwambao
Nakubaliana na mzee lakini sisi huku Mombasa pampu peke yake haitoshi, kwa unyevu huu vumbi hugandama. Mie nimeishia kwenye swabu. Angalia upana, yako ni fremu kamili, sensa kubwa, kwa hivyo 24 mm, wenye APS-C, sensa ndogo zaidi, ni 16 mm. Matone mawili tu ya maji yake, pitisha mara moja kutoka ukingo hadi ukingo bila kukandamiza, geuza upande wa pili urudi, kisha tupa. Usiitumie tena hata ikionekana safi, chembe moja ya mchanga ikiwa imenasa itakukwaruzia kioo. Na spiriti ya duka la dawa usitie, ina maji ya kawaida ndani, ikikauka huacha michirizi.

dereva_serengeti
Mimi napeleka wageni porini, vumbi ndo maisha yetu, kijiti cha jeli kimenisaidia sana kwa punje moja mbili zilizogoma kwenye pampu. Unagusisha na kuinua, huburuti, na kila ukigusa unakibandika kwanza kwenye karatasi yake ya gundi kijisafishe. Ila kwa mafuta hakifai, kinayasambaza tu. Pia hakikisha ni kinachokubalika kwa kamera yako, vingine vinaacha unato. Na usihangaike kutafuta kidoa upande usio wake, kilicho juu kwenye picha kiko chini kwenye sensa, kushoto na kulia hakubadiliki ukiwa umeitazama kamera kwa mbele.

PichaZaDom
Nimepuliza jana usiku chumbani, feni nimezima. Kati ya saba vimebaki viwili. Kimoja ni cheusi cha kawaida, kingine kama kapete, katikati kuna mwanga.

mzee_wa_lenzi
Hicho kapete ni mafuta, yanaweza kuwa yametoka kwenye mitambo ya shata, lile pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa ukipiga picha. Pampu haikitoi hata upulize mpaka asubuhi. Sikiliza ushauri wa dada wa Mombasa.

PichaZaDom
Mrejesho wakuu. Nimetumia swabu, ya kwanza iliacha mchirizi nadhani nilizidisha maji, ya pili kwa matone mawili kama dada alivyosema ikamaliza. Nimepima kwa ukuta mweupe, f/16, ISO 100, fokasi nimeitoa makusudi na kamera nikawa naitikisa kidogo wakati inapiga, safi kabisa. Asanteni sana, nilikuwa sijalala vizuri siku tatu.

bi_mwambao
Alhamdulillahi. Sasa safisha na kifuniko cha nyuma cha lenzi na kile cha bodi ya kamera, vumbi lingine hutokea humo humo.

dereva_serengeti
Na ukibadilisha lenzi nje, zima kamera kwanza, geuzia upepo mgongo, mdomo uangalie chini.